Kwenda dukani kusikiliza amplifaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Uingereza miaka mingi sasa. Katika jamaa zetu wa huku na wa nyumbani, nimejikuta ndiye yule anayepigiwa simu kila mtu akitaka kununua redio ya maana. Simaanishi ya kusikilizia taarifa ya habari, namaanisha amplifaya ya stereo inayoanzia pauni elfu mbili tatu, na huko juu inafika bei ya gari. Maswali ni yaleyale, na mengine nimeyajibu saa sita za usiku nikiwa nimeshalala. Nimeyakusanya hapa.

Kwani lazima niende dukani? Si nisome tu maoni ya watu kisha niagize?

Kwa amplifaya ya bei ndogo, agiza tu, ukikosea hujaumia sana. Ya bei kubwa ni kitu kingine. Anayeisifu kwenye maandishi ana spika zake, chumba chake na masikio yake. Amplifaya haitoi sauti yenyewe, inasukuma spika, na spika moja haisukumiki kama nyingine. Iliyomfurahisha yeye inaweza kuhema ikikutana na spika zako.

Halafu kuna mambo ambayo hayaandikwi kabisa. Transfoma, ule mzigo wa chuma na nyaya unaopokea umeme ndani yake, inanguruma ukikaa karibu? Kitufe cha volyumu kinazunguka vizuri au kinachechemea? Rimoti imekaa kama ya televisheni ya mtumba? Juu inapata moto kiasi gani baada ya saa moja? Hayo utayajua kwa kuigusa.

Nianzie wapi? Naogopa kuonekana mshamba.

Piga simu, uweke siku na saa. Maduka ya aina hii si kama ya Kariakoo, kwamba unapita njiani ukaingia, ukawashiwa. Yana chumba cha kusikilizia, chenye kochi moja na zulia, na chumba hicho hupangiwa mtu mmoja mmoja. Ukipiga simu taja vitu vitatu: spika ulizonazo, ukubwa wa chumba chako, na kiasi unachoweza kutoa. Hicho cha mwisho watu wetu hukificha, wakidhani ni mbinu ya kupatana bei. Si mbinu. Ukikificha utasikilizishwa kitu cha mara mbili ya uwezo wako, na hata ukinunua cha kwako utarudi nyumbani na huzuni.

Omba muda wa saa mbili. Nusu saa haitoshi kitu, masikio yenyewe bado yana kelele za barabarani. Asubuhi ya siku ya kazi ni bora kuliko Jumamosi mchana, duka linapojaa wanaokuja kushangaa tu.

Jambo jingine la kuomba: mle chumbani ziwepo spika jozi moja tu, zile zinazopigwa. Kampuni ya Linn ya Glasgow, iliyoanza mwaka 1973, ilikuwa maarufu kwa kuwasisitizia wauzaji wake jambo hili. Hoja yake ni kwamba spika iliyokaa kimya pembeni nayo ina kiwambo, na kiwambo hicho hutikisika kwa sauti za zile zinazoimba. Athari yake inabishaniwa. Mimi naiombea sababu nyingine: chumba chenye jozi nane ni ghala, na ghalani mtu hatulii.

Wataniona sina hela?

Wengine, ndiyo. Niliwahi kuingia duka moja na koti la mvua lililochakaa, kijana wa pale akaendelea kuandika kwenye simu yake mpaka nikatoka. Sikurudi. Mwenye duka anayejua kazi haangalii koti, kwa sababu wateja wake wakubwa ndio haohao wazee wenye masweta yenye matundu.

Nibebe nini?

Kama unaweza, beba amplifaya yako ya sasa. Watu hucheka nikisema hivi. Lakini swali linalokupeleka dukani si "hii ni nzuri?" Swali ni "hii inaishinda niliyonayo kwa kiasi cha fedha hizi?" Utalijibuje bila ya kwako kuwepo? Duka la kistaarabu halitakataa.

Spika kuzibeba ni kazi, kwa hiyo uliza kama wanazo za aina yako. Kama hawana, watafute zinazokaribiana. Usikubali amplifaya ya pauni elfu nne isikilizwe kwenye spika za elfu thelathini. Hapo unasifia spika za watu.

Beba kalamu na karatasi. Na beba muziki wako, hili usiliache kabisa. Kila duka lina diski yake: mwanamke anaimba jazi polepole, besi ya mbao inadunda nyuma, kinanda kimoja. Muziki huo umerekodiwa vizuri kiasi kwamba hata redio ya jikoni ingeupendezesha. Haukuambii kitu.

Mimi hubeba vipande vitano, vyote ninavyovijua kwa moyo:

Taarabu ya Zanzibar iliyorekodiwa orkestra nzima ikiwa pamoja, ya Culture Musical Club au Ikhwani Safaa. Fidla tatu nne, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), akodiani, besi, kisha waitikiaji. Nasikiliza kanuni. Nyuzi zake zinapopigwa haraka, je, nasikia kila uzi na kucha yake, au nasikia mvua juu ya bati? Na fidla zinapoingia kwa pamoja, je, ni watu wanne au ni ukuta?

Bi Kidude, sauti na ngoma peke yake. Sauti yake ina mikwaruzo, na mikwaruzo ile ndiyo utamu wenyewe. Amplifaya inayomlainisha siitaki hata kwa bure.

Dansi la Kongo lenye gitaa tatu, TPOK Jazz ile ya Franco. Sebene linapoanza, gitaa la solo, la mi-solo na la kuunga kila moja lina njia yake. Nafumba macho nafuata lile la katikati. Nikilipoteza, naandika.

Rekodi mbovu ya zamani, ya enzi za Radio Tanzania, chaneli moja, yenye vumbi. Nusu ya ninachosikiliza nyumbani kiko hivi. Kuna mitambo ya ghali inayozifanya rekodi hizi zisisikilizike, na mtu aliyekulia na muziki huo ni heri alijue hilo kabla ya kulipa.

Cha tano ni msomaji mmoja wa hotuba, anaongea tu. Sauti ya mtu akizungumza tunaijua tangu tumboni, na ikipinda kidogo tunajua.

Unasema kila siku "sauti ziwe sawa". Maana yake nini?

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoliwa.

Miaka ya nyuma nilienda duka moja kulinganisha amplifaya mbili. Zilikuwa zimekaa juu ya rafu moja, kitufe cha kila moja kimewekwa palepale, kama mshale wa saa unaoelekea saa tano. Ya kwanza ikapigwa. Nzuri. Ya pili ikapigwa, nikainuka kwenye kochi. Besi imepata mwili, mwimbaji amesogea mbele, vitu vilivyokuwa vimejificha vimetoka. Nikalipa siku ileile.

Nyumbani nikaiunga badala ya ile yangu ya zamani. Mwezi wa kwanza nilijiambia naisikia tofauti. Wa pili nikaanza kunyamaza. Wa tatu nikachukua mita ya fundi ya kupimia volti, nikasawazisha sauti za zote mbili, nikamwita mke wangu awe anabadilisha bila kuniambia. Sikuweza kuzitofautisha hata mara moja. Nikakumbuka rafu ile ya dukani: ya kwanza ilikuwa imeungwa kwa nyaya za kawaida za RCA, ya pili kwa zile za pini tatu, XLR. Mashine nyingi za CD hutoa volti 2 kwenye RCA na volti 4 kwenye XLR. Ni mara mbili, yaani desibeli 6 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti). Sikununua amplifaya bora, nilinunua iliyopiga kelele zaidi. Sidhani kama yule muuzaji alikuwa mwizi. Nadhani hakuwahi kujiuliza.

Sababu yake iko masikioni mwetu. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walionyesha kwamba sikio la mtu halisikii besi na sauti za juu kwa usawa na zile za katikati, na kwamba upungufu huo ni mkubwa zaidi sauti inapokuwa ndogo. Ukiongeza volyumu, besi inaongezeka kwenye hisia zako kuliko sauti nyingine. Kwa hiyo iliyo juu kidogo inasikika imeshiba na kung'aa zaidi. Tofauti ikiwa ndogo mno, chini ya desibeli 1, huisikii kama "kubwa", unaisikia kama "bora". Mtego wenyewe ndio huo.

Namba za kwenye kitufe hazisaidii. Saa tano ya amplifaya moja si saa tano ya nyingine, kila moja inakuza kwa kiwango chake.

Dawa yake inagharimu bei ya chakula cha mchana: mita ya kupimia umeme, ile ya fundi. Mwombe muuzaji apige mlio mmoja mnyoofu, tuseme wa hezi 400, kwa sauti ya chini. Weka mita kwenye volti za AC, gusa vituo viwili vya nyuma ya spika moja, bila ncha za mita kugusana. Zungusha kitufe mpaka isome volti 2.00. Hamia amplifaya ya pili, zungusha mpaka isome hivyohivyo. Ikisoma 2.25, tayari umeshafika desibeli 1 na ulinganisho umekufa. Mimi nataka tofauti isizidi volti 0.02. Kuna vitufe vya kidijitali vinavyoruka nusu desibeli kwa hatua, havikupi namba kamili, basi chukua iliyo karibu zaidi. Andika namba ya kitufe cha kila moja, usiiguse tena.

Muuzaji akikunja uso, mwambie ni mazoea yako. Akikataa, umeshapata jibu kuhusu duka.

Kama huna mita, programu ya simu ya kupima desibeli ni afadhali kuliko kukisia, mradi simu isisogezwe hata kidogo. Lakini ni afadhali tu.

Baada ya kusawazisha, nisikilizeje?

Kipande kimoja, dakika moja hivi, amplifaya A. Kilekile, B. Kisha A tena. Usiwe unauliza "ipi ina besi nyingi", uliza kitu chenye jina: nasikia maneno gani ya waitikiaji? Pumzi kabla ya ubeti inasikika? Andika. Kisha mwombe muuzaji abadilishe bila kukuambia, au asibadilishe kabisa akudanganye tu. Ukiona unaandika sifa mpya na kumbe ni ileile, cheka, unywe chai, uanze upya.

Halafu acha kulinganisha. Chagua moja, kaa nayo nusu saa nzima, mwombe mwenye duka atoke. Kuna sauti inayovutia dakika mbili za kwanza kisha inachosha, kama pilipili iliyowekwa na mpishi mwenye haraka. Ukijikuta unapunguza volyumu pasipo kujua kwa nini, hilo ni jambo la kuandika.

Wati ngapi zinatosha?

Chache kuliko unavyodhani, na wakati mwingine nyingi kuliko unavyodhani.

Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa kama desibeli 87 kwa wati 1, ukipima mita 1 mbele yake. Hiyo tayari ni sauti ya kumfanya mtu apaze yake ili asikike. Kila ukizidisha wati mara 10 unapata desibeli 10 zaidi, ambazo sikio huzihesabu kama "mara mbili" hivi. Ukizidisha wati mara 2 unapata desibeli 3 tu. Kwa hiyo kutoka wati 50 kwenda 100 si safari ndefu, ingawa tofauti ya bei inaweza kuwa ndefu sana.

Upande wa pili: muziki una vilele. Mpigo wa ngoma unaweza kupanda desibeli 20 juu ya wastani wa wimbo, na desibeli 20 ni mara 100. Wastani ukiwa wati 1, kilele kinadai 100, kwa kitambo kidogo sana. Ndiyo maana chumba kikubwa chenye spika nzito kinahitaji akiba.

Kuliko wati, mimi huuliza omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi omu 3 au 4 kwenye baadhi ya sauti, na hapo inadai mkondo mkubwa wa umeme. Tazama vipimo: amplifaya inayotoa wati 100 kwa omu 8 na karibu 200 kwa omu 4 ina transfoma na chanzo cha umeme cha kweli. Ile ya 100 na 120 itakohoa ukiibana.

Za vali je, zile zenye taa zinazowaka?

Hizo kweli zina sauti yake, na sababu haina uchawi. Nyingi zinasukuma spika kupitia transfoma ya kutolea, na ukinzani wake wa kutolea ni mkubwa, kwa hiyo sauti hupanda na kushuka kufuata tabia za spika. Ukibadilisha spika, umebadilisha na amplifaya. Vali ya 300B, iliyotolewa na Western Electric mwaka 1938, ikitumika moja kwa chaneli hutoa wati 8 hivi. Kwa spika nyepesi kusukumika ni raha tupu, sauti ya mtu inakaa mbele yako kama ameketi mkekani. Kwa spika nzito ni kumtwika punda lori.

Dukani sikiliza kwa spika zako, au usisikilize kabisa. Na kama una watoto wadogo, kumbuka taa zile zinaunguza.

Daraja A, AB na D, ipi bora?

Herufi hizo ni njia tofauti za kuunda amplifaya. A inapoteza umeme mwingi kama joto hata ikiwa kimya, na wakati wa joto la Desemba pale Dar utaijutia. AB ndiyo iliyoenea. D haipati moto sana na ni nyepesi. Zamani ilidharauliwa, siku hizi zipo nzuri kabisa. Usichague kwa herufi.

Ni kweli wanavyosema, kwamba amplifaya zote ni sauti moja?

Ubishi huu ni mzee. Mwaka 1985 mhandisi Bob Carver wa Marekani aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba angeweza kuifanya amplifaya yake ya bei nafuu isikike kama yoyote ya ghali watakayoichagua. Walimpa ya vali. Alifanya kazi hotelini siku chache, akipima tofauti kati ya mbili hizo na kuipunguza kidogo kidogo, mpaka wahariri wenyewe wakashindwa kuzitenganisha kwa masikio. Na tangu mwaka 1978 kuna NAD 3020, kijisanduku cha wati 20 cha bei ya wanafunzi, kilichowaaibisha wakubwa wengi.

Maoni yangu: amplifaya mbili za transista, yaani za kawaida zisizo na vali, zilizoundwa vizuri, zikisawazishwa, zisilazimishwe kupita uwezo, kwenye spika isiyo na makuu, hukaribiana mno. Wengi hawatazitofautisha, mimi nikiwemo. Tofauti huanza spika zinapokuwa ngumu, volyumu inapopanda, au mwanzoni mwa kitufe ambapo chaneli ya kushoto na ya kulia hazilingani. Hilo la mwisho lisikilize: weka sauti ya usiku, watoto wamelala, uone kama mwimbaji amebaki katikati.

Basi kwa nini watu wanalipa? Uimara, fundi wa kuitengeneza baada ya miaka 20, kitufe kinachozunguka kama siagi, zile mita za buluu za amplifaya za McIntosh zinazocheza gizani. Ni sababu halali. Saa ya mkononi ya ghali haisomi wakati tofauti na ya bei ndogo. Ila mwenye pauni elfu tano na spika za kizamani, fedha zake azipeleke kwenye spika kwanza.

Muuzaji anasema haijapata moto, nivumilie.

Kupata moto ni kweli, hasa kwa daraja A na vali. Mwombe aiwashe nusu saa au saa moja kabla hujafika. Lakini akikuambia sauti itafunguka baada ya miezi mitatu ya matumizi, uliza: na siku za kurudisha ni ngapi?

Waya wa umeme wa pauni elfu moja utasaidia?

Utamsaidia aliyeuuza.

Naweza kuomba nikae nayo nyumbani siku mbili tatu?

Omba, tena bila haya. Maduka mengi mazuri ya Uingereza hukubali, kwa kuweka arbuni au kuzuia kiasi fulani kwenye kadi yako. Wakati mwingine hutoa ile ya maonyesho, ambayo ukiipenda unaweza kuinunua hiyohiyo kwa punguzo. Wiki moja nyumbani ina thamani kuliko ziara kumi za dukani.

Ujue pia sheria ya huku. Ukinunua kwa mtandao au simu, una siku 14 tangu kuipokea za kubadili nia. Ukinunua mwenyewe dukani, huna haki hiyo, ni hiari ya mwenye duka, kwa hiyo iandikwe kwenye risiti. Ikiwa na kasoro, hilo ni jambo jingine: ndani ya siku 30 unaweza kuirudisha na kudai fedha zako zote.

Ni vibaya kuisikiliza dukani kisha kununua mtandaoni kwa bei ndogo?

Sheria haikukatazi. Lakini mtu amekupa saa mbili, chumba na chai. Kama bei imepishana, mwambie waziwazi: "Nimeiona mahali fulani kwa kiasi hiki, tufanyeje?" Mara nyingi atashuka, au akupe spika za mkono wa pili kwa bei ya ndugu. Ukishamzunguka, siku transfoma ikianza kunguruma utampigia nani?

Nataka kuipeleka Dar, au Mombasa. Niangalie nini?

Kwanza umeme. Uingereza, Tanzania, Kenya, Oman na Dubai zote ziko kwenye volti 220 hadi 240, hezi 50, na plagi ni ileile ya pini tatu za bapa. Ya Uingereza unaichomeka tu. Ya Marekani ni volti 120, ya Japani 100. Watu huona amplifaya ya Luxman au Accuphase ya mnada wa Japani kwa bei ya kutupa, wanaileta, wanaichomeka ukutani, na harufu inayofuata hawaisahau. Angalia kibandiko cha nyuma kabla ya kitu chochote. Kuna zenye swichi ya kubadili volti ndani, nyingi hazina.

Pili, kodi. Kurudishiwa VAT kwa msafiri kwenye maduka ya Uingereza, ile asilimia 20, kuliondolewa England, Scotland na Wales tangu mwanzo wa 2021, kwa hiyo usipige hesabu hiyo. Ikifika nyumbani kuna forodha, na VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya. Dubai VAT yao ni asilimia 5, ndiyo maana wengi hupitia huko, ila uliza mapema kama garantii ya Dubai inatambulika kwenu. Mara nyingi garantii hubaki kwenye nchi uliyonunulia.

Tatu, uzito. Amplifaya ya kilo 30 haiendi kwenye begi. Tunza boksi lake la asili na yale maponji yake, bila hayo transfoma huweza kupinda kiunzi njiani.

Nne, umeme kukatika. Kukatika si tatizo sana, tatizo ni kurudi, unaporudi na kishindo. Weka stabilaiza yenye kuchelewesha kurudisha umeme, na iwe kubwa ya kutosha, kwa sababu transfoma kubwa hudai mkondo mwingi mno sekunde ile ya kuwashwa. Na mwite fundi apime waya wa ardhi. Nyumba nyingi soketi ina tundu la tatu, ila nyuma yake hakuna kitu.

Nimefika nayo. Mbona haisikiki kama dukani?

Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio unaokimbia kwenye kuta kama shilingi iliyodondoka, umepata jibu. Nyumba zetu za pwani ni vigae chini, saruji ukutani, kioo na alumini madirishani. Duka lilikuwa na zulia la manyoya, rafu za vitabu na kochi nene. Tandika zulia kati yako na spika, weka mapazia mazito, vuta spika mbali na ukuta kwa futi mbili. Fanya hayo kabla hujamlaumu mtu. Shangazi yangu alitandika mikeka miwili ya ukili juu ya zulia kwa sababu ya wageni, si ya muziki, na sebule yake ndiyo inayosikika vizuri kuliko zote nilizokaa Tanga.

Niiweke wapi?

Penye hewa, isizibwe juu, isipandishwe juu ya mashine nyingine yenye moto. Usiifunge ndani ya kabati la kioo ili ionekane. Kitambaa cha mkono cha kufumwa, kile cha mapambo, kiondolewe juu yake, najua mama hatafurahi.

Na kwa walio pwani: mijusi. Amplifaya ina joto na ina matundu, kwa mjusi kafiri hilo ni gesti ya bure. Anaingia usiku, anagusa pale pasipoguswa, anakufa yeye na transista pamoja naye. Nimefungua mashine ya rafiki nikamkuta mmoja amekauka juu ya bodi, mkia upande huu wa fyuzi, kichwa upande ule. Kata wavu laini wa plastiki, ule wa kuzuia mbu madirishani, uufunge chini yake na nyuma, juu pabaki wazi. Kila mwezi upige brashi, vumbi lisizibe wavu.